Chumba cha Kukaangia Kahawa Nyumbani: Anza na Hewa, Mashine Itafuata

Kila anayejua kwamba nakaanga kahawa nyumbani huniuliza swali lile lile: ninunue mashine gani? Namwelewa, maana mashine ndiyo inayoonekana kwenye picha na ndiyo inayokula pesa. Lakini kabla ya kujibu, mimi humuuliza habari za chumba. Dirisha linatazama wapi? Upepo wa kwenu jioni unatoka upande gani? Ukuta wa jirani uko hatua ngapi? Taa ikoje, na kuna kelele gani hapo karibu? Kukaanga kahawa ni kazi ya pua, macho na masikio. Mashine ya bei yoyote ukiiweka kwenye chumba chenye moshi, giza na kelele, utabaki unabahatisha tu.

Naishi Dar es Salaam, upande wa Tabata, kwenye nyumba ya kawaida yenye chumba kimoja uani. Zamani kilikuwa stoo ya ndoo, baiskeli mbovu na mabati yaliyobaki wakati wa ujenzi. Ni futi 10 kwa 12, mlango unafungukia uani, dirisha moja liko ukuta wa nyuma. Sakafu ni ya saruji. Dari hakuna, juu ni kenchi na bati. Kwa kazi hii hayo yote ni heri. Saruji haishiki moto, ukuta uliopigwa lipu ukaupaka rangi ya mafuta unafutika kwa kitambaa, na dari ya jipsamu ingekunywa moshi hadi igeuke njano. Kilichosumbua ni joto. Mwezi wa pili, saa nane mchana, chini ya bati lile hata kusimama tu ni shughuli. Kwa hiyo kazi yangu ni ya alfajiri au baada ya magharibi, na kila kitu ndani ya chumba kimepangwa kwa kukumbuka hilo.

Wengi huanzia jikoni na karai, na kwa robo kilo ya kunywa nyumbani hakuna ubaya. Ukifika kilo moja kwa mkupuo mambo hubadilika. Moshi wa kahawa haufanani na harufu ya kahawa kwenye kikombe. Unawasha macho, unaingia kwenye mapazia na magodoro, na siku ya pili nguo za watoto za shule zinanuka. Tena una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Kila mwaka tunasikia habari hizo wakati wa baridi huko Njombe, Makete na Iringa. Mtu anayekaanga kahawa kwenye chumba kilichofungwa anakaribisha hatari ya namna hiyo hiyo, na hatajua, kwa sababu pua yake imejaa harufu nzuri.

Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa bati.

Nilikwenda kwa fundi bati Buguruni, mmoja wa wale wanaogonga mabomba, makarai na majiko kutwa nzima kando ya barabara. Nikamweleza nataka bomba la inchi 6, litoke juu ya mashine, lipite ukutani, lipande hadi juu ya paa. Akanichorea chini kwa chaki: feni hapa, ukutani, karibu na mashine, kama inavyofungwa kwenye majiko ya hoteli. Nikamwomba feni aihamishie nje kabisa, mwisho wa bomba.

"Bosi, huko juu utaifikiaje kuisafisha?"

Nikamwambia nitaweka ngazi. Sababu zangu zilikuwa mbili, na kwa maoni yangu hizi ndizo siri kubwa za chumba chote. Kwanza, feni ikiwa mwisho wa bomba, inavuta. Bomba zima linakuwa katika hali ya kunyonya, kwa hiyo pakiwa na tundu kwenye kiungo, hewa ya chumba inaingia ndani ya bomba. Feni ikiwa mwanzoni inasukuma, na tundu lile lile linakutemea moshi usoni. Pili ni kelele. Kahawa inapofika mahali pake hupasuka kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo saa ya mkaangaji. Feni ikinguruma kando ya sikio lako, husikii kitu. Ikiwa nje, juu ya paa, inabaki mvumo wa mbali ambao sikio linauzoea.

Bomba lenyewe linyooke kadiri inavyowezekana. La kwangu lina elbo mbili tu, moja ya kutoka ukutani na moja ya kupanda. Kila elbo ni mahali pa kumvi na mafuta kugandia. Kumvi ni ile ngozi nyembamba kama karatasi inayobaki kwenye mpasuo wa buni. Ikipata joto inajitoa na kuruka. Ni nyepesi, ni kavu, na inawaka haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya chumba. Kwa sababu hiyo, kabla ya elbo ya kwanza fundi alinigongea pipa dogo lenye umbo la faneli: hewa inaingia kwa ubavuni, inazunguka, kumvi zinaangukia chini kwenye kopo, hewa inatokea juu. Kopo hilo namwaga kila ninapomaliza kukaanga mkupuo mmoja na kabla ya kuanza mwingine. Viungo vya bomba vimebanwa kwa klipu, havikupigwa ribiti, ili kila baada ya muda nivifungue na kupitisha brashi. Mafuta ya moshi yakiachwa yanakuwa gundi nyeusi, na gundi hiyo ikishika moto ndani ya bomba lililo karibu na kenchi za mbao, paa linaondoka. Pale bomba linapopita jirani na mbao tumeacha nafasi na kuweka bati la pili la kukinga joto.

Hewa inayotoka lazima ifidiwe na hewa inayoingia. Hili watu husahau. Wanafunga feni kubwa, wanafunga mlango ili vumbi lisiingie, halafu wanashangaa moshi hauendi. Kwenye ukuta ulio mkabala na bomba, karibu na sakafu, nimetoboa nafasi ya tofali mbili na kuweka nondo na wavu. Ukisimama hapo feni ikiwa imewashwa, unasikia ubaridi miguuni. Nafasi hiyo ya chini ina kazi nyingine pia: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona. Tundu la chini linaipa njia ya kutokea.

Kabla bomba halijasimama nilikwenda kumwona mama wa nyumba ya nyuma. Yeye ni mtu mzima, tunaamkiana kila siku, na dirisha lake la chumbani ndilo lililo karibu zaidi na paa langu. Nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka kufanya.

"Harufu ya kahawa haijamuua mtu, mwanangu," akasema. "Mimi nguo zangu tu. Nikianika, usiniletee moshi."

Basi mdomo wa bomba ukapandishwa kupita usawa wa dirisha lake, na ratiba yangu ikapangwa kwa kamba yake ya nguo. Dar ina pepo zake: kusi ikivuma moshi unakwenda upande mmoja, kaskazi ikiingia unageuka. Anayetaka kujenga chumba hiki asitegemee upepo wa mwezi mmoja. Aulize wenyeji, atazame miti, atazame moshi wa takataka wanazochoma majirani unaelekea wapi kwa misimu yote. Na aende kwa jirani kabla ya kununua chochote. Ugomvi wa moshi ukishaanza hauzimwi na bomba refu.

Moto wangu ni wa gesi. Mkaa nauheshimu, na nitaueleza mbele, lakini haukubali kupunguzwa ghafla, na kuna dakika kwenye kukaanga ambayo usipopunguza moto papo hapo kahawa inakukimbia. Umeme peke yake ni ghali kwa joto la namna hii, na hukatika. Mtungi wa gesi unakaa nje ya ukuta, kwenye kizimba chenye kivuli na matundu, na mpira unaingia kupitia bomba dogo la chuma. Valvu ya kufunga iko ndani, karibu na mlango, ili nikiwa natoka mbio mkono wangu uipitie. Karibu na hapo hapo umening'inia mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu. Kumvi zikiwaka ndani ya ngoma, kitu cha kwanza ni kufunga gesi na kuacha ngoma izunguke ikiwa imefungwa. Usifungue kumwaga kahawa nje kwa hofu, maana utakuwa unaupa moto hewa uliyokuwa unaikosa.

Sasa mashine. Nitaipitia haraka, kwa sababu mtandaoni kuna maneno mengi kuihusu na mengi ni ya wauzaji. Ngoma yangu imetengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa hapa mjini: silinda ya chuma kisicho na matundu, ndani imewekewa mapanga ya kugeuzia, inabeba kilo moja. Inazungushwa na mota ya waipa ya gari. Mota hiyo ni ya volti 12, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: inaendeshwa na betri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ngoma haisimami. Ngoma yenye buni za nyuzi 190 ikisimama, zile zilizogusa chuma zinaungua upande mmoja kwa muda mfupi sana, na mkupuo mzima umekwisha. Feni nayo nimeiunganisha kwenye inveta ya betri hiyo hiyo. Kipimajoto cha waya kimechomekwa mahali ambapo ncha yake inalala ndani ya buni zenyewe, kwa sababu joto la hewa ya ngoma na joto la buni ni mambo mawili mbalimbali.

Taa imenigharimu kidogo na kunisaidia sana. Nilikuwa na balbu ya njano, nikaibadilisha kwa taa ya LED nyeupe inayokaribia mwanga wa mchana, na kuta nikazipaka nyeupe isiyong'aa sana. Rangi ya kahawa ndiyo unayoisoma, na tofauti kati ya rangi ya mdalasini na rangi ya mbegu ya ukwaju, ambayo ndiyo tofauti ya vikombe viwili visivyofanana hata kidogo, inapotea chini ya taa ya njano. Kwenye rafu mbele ya macho nina vichupa vya kahawa niliyoikubali zamani, kila kimoja na maandishi yake, ili nikichota sampuli niiweke kando na kulinganisha.

Hivi ndivyo mkupuo mmoja unavyokwenda nikiwa pale alfajiri. Ngoma inapashwa moto tupu hadi nyuzi 200 hivi. Namwaga buni, kilo moja, za kijani iliyopauka. Kipimajoto kinashuka ghafla hadi karibu nyuzi 90, halafu kinatulia na kuanza kupanda. Dakika za mwanzo ni za kukausha: buni nzuri huja na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na maji hayo lazima yatoke kwanza. Chumba kinanuka majani mabichi, kisha nyasi kavu. Karibu na nyuzi 150 buni zinageuka njano na harufu inabadilika kabisa, inakuwa ya mkate unaookwa. Hapo kumvi zinaanza kuruka na kopo la pipa linaanza kujaa. Rangi inaingia hudhurungi, harufu inachachuka kidogo puani, na mimi napunguza gesi kabla ya kuhitaji kufanya hivyo, kwa sababu punde buni zenyewe zitaanza kutoa joto lao. Kisha, karibu na nyuzi 196, ta! Moja. Kimya. Ta, ta. Halafu zinakuja nyingi kwa pamoja, kama bisi ndani ya sufuria. Huko ndiko kupasuka kwa kwanza. Mvuke na gesi vilivyobanwa ndani vimeipasua buni, nayo imevimba na kuwa nyepesi. Kuanzia hapo kila sekunde 15 ni kahawa nyingine. Nikitaka ladha ya matunda na uchachu wa Kilimanjaro, namwaga dakika moja au mbili baadaye. Nikiendelea hadi nyuzi 224 hivi, utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka haraka, mafuta yanatokea juu ya punje, na moshi unakuwa wa bluu. Kazi nzima inachukua dakika 10 hadi 14.

Kupoza ni lazima kuwe kwa haraka, ndani ya dakika 4, la sivyo kahawa inaendelea kujikaanga ndani kwa ndani hata ikiwa imeshamwagwa. Nina sinia la chuma lenye matundu na feni chini yake inayovuta hewa. Lakini ungo haujaondoka. Aliyelelewa kwenye nyumba ya kupepeta mchele anajua namna ya kurusha kahawa uani, kumvi zilizobaki zikachukuliwa na upepo na punje zikarudi zote mkononi. Kwa nusu kilo sijaona mashine inayoushinda ungo.

Nimetaja mkaa. Karibu na msikiti wa mtaani kwetu kuna kijiwe cha kahawa, na mzee anayekiendesha hukaanga mwenyewe, kwenye karai la chuma, juu ya mkaa, nje, akikoroga kwa mwiko mrefu. Hana kipimajoto. Hukaanga hadi nyeusi tii, huitwanga, huipika kwenye dele na tangawizi, na huiuza kwa vikombe vile vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata. Nilimwendea kujifunza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti."

Nikamuuliza anajuaje imeiva. Akaniambia nifumbe macho. Nilifumba, na kwa mara ya kwanza nikasikia mlio wa pili ukiwa wazi, juu ya sauti ya mkaa na ya mwiko. Mzee alitoa karai motoni kabla mlio haujatulia. Baadaye alikuja kukiona chumba changu. Alitazama bomba, akatazama taa, akaenda kusimama pale kwenye tundu la hewa, na akakubali kwamba kahawa iliyokaangwa hapa inaweza kusikika. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na kwangu pia.

Nalisema hili kwa sababu wapo wapenzi wapya wa kahawa wanaoidharau kahawa ya kijiweni na kuiita kahawa iliyoungua. Wanakosea. Kahawa chungu ya pwani imekaangwa kwa makusudi ili ibebe tangawizi na isimame mbele ya utamu wa kashata. Punje hafifu ya uchachu wa limau ingepotea kwenye kikombe kile. Kinachotakiwa ni mkaangaji kuwa na uwezo wa kuchagua, leo akomee kwenye mlio wa kwanza, kesho afike wa pili. Mzee ana uwezo huo kwa masikio yake na uwanja wake wa wazi. Sisi tunaofanyia kazi ndani tunahitaji chumba kitakachotuachia masikio yetu.

Buni sizihifadhi kwenye chumba hiki. Zinashika harufu, na moshi ukizizoea utaunywa kwenye kikombe. Zinakaa ndani ya nyumba, kwenye chumba chenye kivuli, juu ya chaga, mbali na ukuta, gunia likiwa ndani ya mfuko mzito wa plastiki uliofungwa vizuri. Hewa ya Dar ni ya kuchunga. Wakati wa masika gunia lililoachwa wazi linavuta unyevu, buni zinapauka, zinakuwa laini, na kuvu inafuata. Nanunua kidogo kidogo, kutoka kwa wenye leseni, kwa sababu buni ni zao linalosimamiwa kisheria. Ukikutana na mtu anakuuzia gunia njiani bila karatasi, mwache apite.

Za kwangu nyingi zinatoka mlimani Kilimanjaro, ambako arabika ililetwa na wamisionari Wakatoliki waliokaa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na ambako wakulima wa Kichaga walikuja kuunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Nakaanga pia za Mbozi na Mbinga. Mara moja moja napata robusta ya Kagera, ambayo Wahaya walikuwa wakiitafuna, ikiwa imechemshwa na majani ya harufu na kukaushwa, tangu kabla ya mkoloni kufika. Watu huulizia sana AA, yaani zile kubwa zinazobaki juu ya chekecheo namba 18, kama milimita 7. Ukubwa ni mzuri kwa sababu buni zinazolingana zinaiva pamoja. Ladha ni jambo jingine. Mimi nikipewa kuchagua nachukua PB, punje moja ya mviringo iliyokua peke yake kwenye tunda ambalo kwa kawaida lingekuwa na mbili. Inabingirika vizuri ndani ya ngoma na inaiva sawia pande zote.

Kabla ya kukaanga nazichambua mezani chini ya ile taa nyeupe. Nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na mdudu zinatoka. Baada ya kukaanga nachambua tena, kwa sababu kuna kasoro ambayo buni mbichi haionyeshi: tunda lililochumwa kabla ya kuiva linatoa punje ambayo haikubali rangi. Wenzake wote wamekuwa hudhurungi, yeye amebaki mweupe mweupe. Ukitafuna moja utasikia karanga mbichi na karatasi. Chache zinatosha kuharibu birika. Kila nikiziokota namfikiria mchumaji, kwa sababu punje hizo zinaanzia kwenye mti, siku ambayo mtu alikuwa na haraka au alilipwa kwa debe bila kuangaliwa rangi.

Kilo moja ya buni hunirudishia gramu 840 hadi 860 kwa kukaanga kwa wastani. Nikienda nyeusi inashuka karibu na 800. Naipima kila mkupuo na kuandika kwenye daftari pamoja na muda na joto. Kahawa iliyotoka motoni inaendelea kupumua gesi kwa siku kadhaa, zaidi ya yote kaboni dayoksaidi, na ndani yake imo ile kaboni monoksaidi pia. Kwa hiyo ndoo za kahawa iliyokaangwa hazilali chumbani kwa mtu, na mifuko yangu ina valvu ndogo ya kutolea hewa. Kunywa ni kuanzia siku ya nne hivi. Mashine ya kusaga nayo iko chini ya bomba, kwa sababu wakati wa kusaga gesi iliyobaki hutoka kwa mkupuo mmoja.

Kama nia yako ni kuuza, chumba na mashine ni sehemu tu ya kazi. Kukaanga kahawa kwa biashara kunahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa Tanzania, na bidhaa iliyofungashwa ina mambo yake ya kukamilisha TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Nashauri ujue wanachotaka kabla hujapiga lipu, kwa sababu kuta zinazosafishika, sinki la kunawia na mahali tofauti pa kufungashia ni rahisi kupanga mwanzoni na ghali kuongeza baadaye.

Mjomba wangu yuko Marangu. Amelima kahawa maisha yake yote na asubuhi hunywa chai ya maziwa. Sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii inaondoka ikiwa buni, inakaangwa Japani, Ujerumani na Italia, na aliyeipalilia hajui ina ladha gani. Mwaka jana nilimpelekea kahawa ya mlimani niliyoikaanga hapa, nikampikia mbele yake bila maziwa. Alikunywa, akanyamaza, akauliza kama ile ni ya upande wao wa juu au wa chini. Swali hilo sikuweza kulijibu, kwa sababu buni nilizonunua zilikuwa zimechanganywa tayari. Tangu hapo amekuwa akiongea na wenzake wa chama cha msingi juu ya kutenga debe dogo la kila upande na kuliombea kibali. Uvunaji wa mlimani unaanza Julai. Zikinifikia nitazikaanga mkupuo mmoja mmoja, gramu 500 kila upande, joto moja, muda mmoja, nikomee mapema baada ya mlio wa kwanza ili tofauti zao zisifunikwe, kisha nipande nazo basi hadi Marangu wazionje wenyewe. Ngoma nimeshaipima kwa nusu kilo na kipimajoto nimekishusha kidogo ili ncha yake izifikie buni zikiwa chache.